Mgeni Anayeomba Ufungwe

Jioni ya tarehe 11 Aprili 2017, basi la Borussia Dortmund lilikuwa ndiyo kwanza limetoka hotelini kuelekea uwanjani kwa mechi ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya dhidi ya Monaco. Milipuko mitatu ikalitikisa. Beki Marc Bartra alivunjika mkono, na askari wa pikipiki aliyekuwa akilisindikiza basi naye akaumia. Mechi iliahirishwa hadi kesho yake. Mashabiki wa Monaco, ambao walikuwa wamekwisha kuketi jukwaani, walipopata habari walianza kuimba jina la timu waliyokuja kuipinga: Dortmund, Dortmund.

Wengi wao walipanga kurudi kwao usiku uleule na hawakuwa na vyumba vya kulala. Ndani ya saa chache wakazi wa Dortmund wakaanza kutangaza mitandaoni vitanda, makochi na magodoro, wakitumia neno moja la utambulisho ili mgeni amwone mwenyeji kwa haraka. Zilisambaa picha za meza za chakula ambapo jezi za njano na nyeusi zilikaa bega kwa bega na nyekundu na nyeupe. Usiku huo hakuna aliyejua nani ametega mabomu. Barua zilizookotwa karibu na eneo la tukio ziliielekeza shuku kwenye ugaidi wa kidini. Siku kadhaa zilipita kabla polisi hawajamkamata mtu ambaye, kwa mujibu wa mashtaka, alitaka bei ya hisa za klabu iporomoke ili yeye apate faida. Kwa hiyo milango ilifunguliwa wakati ambapo kumshuku mgeni kungekuwa jambo jepesi kuliko yote. Kesho yake Monaco ilishinda 3–2, Kylian Mbappé akifunga mabao mawili. Watu waliopewa kitanda na kifungua kinywa walikwenda uwanjani, wakashangilia kufungwa kwa waliowalaza.

Mgeni wa kawaida hupokewa kwa dhana kwamba amekuja kwa heri. Amekuja harusini, amekuja kuhani msiba, amekuja kununua ng'ombe. Shabiki wa ugenini hafichi kwamba amekuja na dua ya kinyume. Amechanga nauli, ameomba ruhusa kazini na kuvuka mpaka ili akuone ukiumia kwa dakika 90, na ukiumia atapiga ngoma. Je, mwenyeji anadaiwa na mtu wa namna hii ukarimu uleule anaodaiwa na wageni wengine? Na mgeni mwenyewe anadaiwa nini na nyumba anayoiombea kushindwa?

Maswali haya hujibiwa kila wiki bila kutajwa, kwenye karatasi za ushauri ambazo vilabu, polisi na vyama vya mashabiki huwapa wasafiri. Fika mapema. Nunua tiketi kwa njia rasmi tu. Usivae jezi katikati ya mji. Subiri jukwaani hadi uruhusiwe kutoka. Kwa juu ni maelekezo ya usafiri, lakini kila moja limebeba uamuzi kuhusu nani awajibike kwa usalama wa nani, na uamuzi wa aina hiyo umewashughulisha manabii na wanafalsafa kwa karne nyingi.

Masimulizi ya kale kuhusu wageni hayakutungwa na watu wasioijua hofu. Katika Kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu ameketi mlangoni mwa hema lake, jua la mchana likichoma, anapowaona watu watatu asiowajua. Hawaulizi majina wala watokako. Anawakimbilia, anaagiza maji ya kunawa miguu, anaandalisha ndama. Qurani nayo inamsimulia Ibrahimu na wageni wake, na inaongeza jambo ambalo kila mwenyeji atalielewa: alipoona hawagusi chakula aliingiwa na hofu. Chakula kilikuwa kimekwisha kuandaliwa kabla hofu haijafika, wala hakikuondolewa ilipofika. Sura inayofuata katika Mwanzo inawapeleka wawili wa wageni hao Sodoma, ambako wanaume wa mji wanaizingira nyumba ya Luti wakitaka wageni watolewe nje. Msomaji anawekewa hema na mji ubavu kwa ubavu, na kipimo cha kila mahali ni namna mgeni asiyejulikana alivyotendewa.

Torati haikuishia kwenye hadithi. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, Waisraeli wanaagizwa kumpenda mgeni aishiye kati yao kama nafsi zao, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Sababu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Agizo halisemi kwamba mgeni ni mwema, wala kwamba ataleta faida. Linasema: mliwahi kuwa yeye. Uislamu nao ulimwekea msafiri haki zake kwa uwazi. Musafiri aliyekwama njiani ni mmoja wa makundi manane yanayostahili zaka; hupunguziwa sala na kuruhusiwa kutofunga. Na katika mafundisho ya Mtume ukarimu umewekewa muda, siku tatu, na mgeni naye akakatazwa kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Deni liko pande zote mbili tangu mwanzo.

Hapa ndipo soka linapofanya jambo ambalo kumbukumbu peke yake hulifanya kwa shida. Mwisraeli alitakiwa akumbuke utumwa wa mababu zake. Shabiki wa mpira hahitaji kurudi vizazi vingi nyuma, kwa sababu ratiba yenyewe inamgeuza mgeni ndani ya wiki mbili. Aliyekaa nyumbani leo akiwazomea watu wachache waliofungiwa kwenye kona ya uwanja, mechi ya marudiano itamkuta yeye kwenye kona kama hiyo, katika mji ambao hajui hata basi lipi linarudi stendi. Hakuna shughuli nyingine ya umma inayowapa zamu ya ugeni watu wengi hivyo, kwa mpangilio uliochapishwa mapema na kujulikana na wote.

Immanuel Kant alilitazama suala hili bila kuutegemea wema wa moyo. Katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alisisitiza kwamba kumpokea mgeni ni suala la haki, si hisani. Mtu anayefika katika ardhi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui kwa sababu tu amefika. Anaweza kukataliwa, ikiwa kukataliwa huko hakutamwangamiza, lakini maadamu anakaa kwa amani asiguswe. Hiyo ni haki ya kuzuru, si haki ya kulishwa na kulazwa. Kant aliijenga juu ya hoja rahisi: dunia ni duara, uso wake una mwisho, na binadamu hawawezi kutawanyika hadi wasikutane. Kwa kuwa lazima wakutane, lazima kuwe na namna ya kukutana.

Kipimo hicho kinamtosha shabiki wa ugenini kuliko inavyodhaniwa. Mwenyeji haombwi amshangilie, wala hadaiwi wimbo au kitanda; waliofungua nyumba zao Dortmund walitoa zaidi ya deni. Kinachodaiwa ni kwamba rangi ya jezi isihesabiwe kuwa kosa. Mgeni naye anaihifadhi haki yake kwa sharti moja, la kukaa kwa amani, na sharti hilo halivunjwi kwa kuimba, kutamba, au kufurahia bao dakika ya mwisho. Kumtakia mtu kushindwa katika mchezo aliokubali kuucheza si uadui. Uadui huanza pale chupa inaporushwa.

Sasa zile karatasi za ushauri zinaweza kusomwa upya. Zipo sentensi ambazo ni deni halisi la mgeni. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe: kila anachofanya kinaonekana, na anachokosea yeye kinabandikwa kwa wote waliokuja naye. Kwa hiyo kufika mapema ni deni, kwa sababu lango lililoelemewa dakika kumi kabla ya mechi linahatarisha wote. Kununua tiketi rasmi ni deni, kwa sababu tiketi ya ulanguzi inampeleka mtu kwenye jukwaa la wenyeji ambako uwepo wake unaweza kuzusha ugomvi. Kujua desturi za mji ni deni: ni wapi pa ibada, ni mnara upi wa kumbukumbu usiopandwa kwa ajili ya picha, ni saa ngapi mtaa hulala.

Wapo waliolipa deni hili kwa ziada. Mashabiki wa Japani, tangu Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, wamejulikana kwa kuokota taka jukwaani baada ya mechi. Mwaka 2022 huko Qatar baadhi yao walibaki kusafisha hata baada ya mechi ya ufunguzi kati ya Qatar na Ecuador, ambayo haikuwahusu. Mashabiki wa Uskoti wana mfuko wao unaotoa msaada kwa watoto wenye shida katika nchi ambazo timu yao ya taifa inakwenda kucheza. Wanaacha kitu katika mji ambao pengine umewafunga.

Lakini zipo sentensi nyingine. Usivae jezi. Usizungumze lugha yako kwa sauti ndani ya treni. Beba maji, maana baada ya mechi unaweza kufungiwa jukwaani kwa saa nzima. Usipite barabara fulani. Maneno haya yakitoka kwa kaka aliyewahi kusafiri, ni upendo mtupu na ni busara kuyafuata. Yakitoka kwa mamlaka ya mji mwenyeji, maana yake inabadilika. Mji unaomwambia mgeni afiche alivyo ili asipigwe unakiri kwamba kuna watu watakaompiga, na kwamba umeamua kumrekebisha mgeni badala ya kuwazuia wao. Ushauri unakuwa njia ya kuhamisha mzigo. Yakitokea ya kutokea, itasemwa kwamba alionywa.

Hili ndilo jambo linalopaswa kuulizwa kila onyo linapotolewa: je, anayelitoa anamsaidia mgeni kulipa deni lake, au anamtwika deni la mwenyeji? Sheria ya mchezo yenyewe iliwahi kukiri kwamba ugeni ni mzigo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 2021, mashindano ya vilabu ya Ulaya yalilipa uzito wa ziada kila bao lililofungwa ugenini pale timu mbili zilipolingana. Afrika iliendelea na kanuni hiyo kwa muda zaidi, na Yanga wanaikumbuka. Mwaka 2023 walifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Algiers wakashinda 1–0, na kombe likabaki Algeria kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Ikiwa wachezaji walitambuliwa kuwa ugeni unawaelemea, mtu aliyekaa jukwaani bila kocha, bila daktari na bila basi la kusindikizwa anastahili kutambuliwa zaidi.

Historia ya kutomtambua ni chungu. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya. Watu walikimbilia ukuta uliochakaa, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa, wengi wao Waitaliano. Lawama ya waliovamia ilikuwa nzito na ya haki. Lakini uwanja mbovu na ukuta dhaifu vilikuwa vya wenyeji na waandaaji, na tiketi za jukwaa lililopaswa kuwa la watu wasio na upande ziliishia mikononi mwa Waitaliano wengi, wakatenganishwa na Waingereza kwa uzio dhaifu. Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012, mashabiki zaidi ya 70 walikufa baada ya mechi ya Al Masry na Al Ahly, karibu wote wakiwa wageni waliofuata Al Ahly kutoka Cairo. Walipokimbilia njia ya kutokea walikuta lango limefungwa. Hakuna ushauri wa safari ambao ungewaokoa watu hao.

Baada ya Heysel, Ulaya iliandika mkataba katika mwaka uleule wa 1985, na mkataba huo uliwatazama mashabiki kwa jicho la fujo tu: namna ya kuwatenganisha, kuwapekua, kuwazuia. Miaka 31 baadaye, Julai 2016, Baraza la Ulaya lilifungua kwa saini mkataba mpya huko Saint-Denis, kando ya Paris. Huo ulijengwa juu ya mambo matatu yanayotegemeana: usalama wa watu dhidi ya ajali, ulinzi dhidi ya uhalifu, na huduma kwa wanaohudhuria. Ukarimu ukaingia kwenye sheria ya kimataifa ya viwanja vya mpira, kwa hoja kwamba umati unaoheshimiwa una sababu chache za kuwa hatari.

Hata miaka sita haikutimia. Tarehe 28 Mei 2022, katika mji uleule wa Saint-Denis, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Liverpool na Real Madrid ilicheleweshwa kwa zaidi ya nusu saa huku maelfu ya mashabiki wa Liverpool, wengi wakiwa na tiketi halali, wakibanwa kwenye njia nyembamba na kupigwa mabomu ya machozi, wazee na watoto wakiwemo. Viongozi wa Ufaransa waliwalaumu wageni mara moja: wamechelewa, wana tiketi bandia makumi ya maelfu. Uchunguzi huru ulioagizwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na kutolewa Februari 2023, ulisema kinyume. Uliiona UEFA yenyewe kuwa na dhima kuu, na kuwalaumu polisi kwa kuwapokea mashabiki wa Liverpool kwa dhana ya kwamba ni wahuni. Hao ni mashabiki ambao, mwaka 1989 katika uwanja wa Hillsborough, maafa yaliua wenzao 97, na ambao walisingiziwa kwa miongo mingi kabla ya jopo la uchunguzi wa vifo kutamka mwaka 2016 kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Saint-Denis wengi wao walifuata ushauri waliopewa. Walifika mapema.

Argentina ilichagua njia nyingine, ya kumwondoa mgeni kabisa. Mwaka 2013, baada ya shabiki wa klabu ya Lanús kuuawa katika mechi mjini La Plata, mashabiki wa ugenini walipigwa marufuku, na kwa zaidi ya muongo mmoja mechi nyingi za ligi zilichezwa mbele ya upande mmoja tu. Marufuku haikuzaa amani iliyotarajiwa. Mwaka 2018, River Plate na Boca Juniors zilipokutana katika fainali ya Copa Libertadores, Boca hawakuwa na jukwaa lao katika uwanja wa River, lakini basi la wachezaji wao lilivunjwa vioo barabarani na wachezaji wakaumia. Mechi ilihamishiwa Madrid. Fainali ya bara la Amerika Kusini ikachezwa Ulaya tarehe 9 Desemba kwa sababu Buenos Aires ilishindwa kumpokea mtu wa mtaa wa pili. Mgeni akiondolewa, mwenyeji anapoteza mazoezi ya kuishi na asiyekubaliana naye, na uzoefu huo haurudi kwa tangazo.

Afrika Mashariki ina taasisi ambayo Kant hakuijua, na inalijibu swali hili kwa namna yake. Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyofuata 1936, huitwa watani wa jadi, na jina hilo limebeba desturi iliyo kubwa kuliko mpira. Utani wa makabila ya Tanzania, kama ule wa Wahehe na Wangoni, ambao walipigana vita vikali katika karne ya 19, ni mapatano ya watu waliowahi kuwa na sababu ya kuchukiana. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kitu chako, kukudhihaki hata siku ya msiba, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina malipo. Msiba ukifika, mtani hushika jembe akachimba kaburi, hubeba jeneza, hupika. Anaigiza namna marehemu alivyotembea hadi wafiwa wacheke huku wakilia. Anayeruhusiwa kukucheka ndiye anayelazimika kukuzika.

Utani kwa hiyo hauombi watu wasishindane wala wasitambe. Unaruhusu ushindani na kuufunga kwenye wajibu, ili tambo zisigeuke chuki. Ukichukuliwa kama nadharia ya ukarimu, unafika mahali ambapo haki ya kuzuru haifiki, kwa sababu Kant anamtaka mwenyeji asimdhuru mgeni, na utani unamtaka amsaidie palepale anapomcheka. Wale wa Dortmund walitenda kama watani bila kulijua neno hilo.

Hata hivyo utani nao una majaribu yake, na Dar es Salaam inayaona waziwazi. Timu ya kigeni inapotua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kuja kucheza na Simba, mara nyingi hulakiwa kwa shangwe na watu wa Yanga. Ikija kucheza na Yanga, wa Simba ndio wanaofika na ngoma. Siku ya mechi wenyeji hao huvaa jezi za wageni na kujaa upande wao. Mgeni kutoka mbali anapata pa kukaa, anapata wa kumwonyesha njia na kumfundisha bei halisi ya bodaboda. Ni mapokezi ya kweli kwa matokeo yake. Kwa nia, yanaelekezwa kwa mtani wa mtaa wa pili, na mgeni ni fimbo ya kumchapia. Dini zinazohukumu tendo kwa nia yake zitaona upungufu hapo, na upungufu huo una athari ya vitendo: mapokezi yanategemea ugomvi usiomhusu mgeni, na ratiba ikibadilika wiki ijayo, aliyembeba begani anaweza kumpa kisogo.

Jaribu jingine ni kwamba mtu wa mbali hajaingia katika mapatano. Simba walipoipa dunia kauli ya kwa Mkapa hatoki mtu, kila Mtanzania alielewa kwamba ni tambo kuhusu matokeo katika uwanja wa watu 60,000 pale Temeke. Mtunisia au Mualgeria aliyetafsiriwa maneno hayo kwenye simu anaweza kuyasikia kama tishio. Desemba 2024, Simba walipowafunga CS Sfaxien ya Tunisia 2–1 kwa bao la dakika za nyongeza, vurugu zilizuka jukwaani na viti zaidi ya 200 vya Uwanja wa Benjamin Mkapa viling'olewa. Wageni walilaumiwa sana, na kung'oa viti vya watu ni kuvunja sharti la mgeni bila utetezi wowote. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwaadhibu wenyeji pia, na Januari 2025 Simba wakacheza na CS Constantine viti vikiwa vitupu. Hasira ya Watanzania ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni kuuliza kwa bidii ileile wageni wale walipangwa wapi, walielekezwa na nani kwa lugha gani, na nani alisimama kati yao na wenyeji bao lilipoingia.

Maswali hayo yanakuja kwa wingi. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027, na kwa mara ya kwanza mashindano hayo yatachezwa katika nchi tatu. Viwanja vipya vya Nairobi, Arusha na Hoima vinazungumzwa kila siku: nyasi, paa, taa. Mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani barani, ya Agosti 2025 katika nchi hizohizo yaliacha funzo. Watu walipovunja utaratibu langoni mwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, CAF iliitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya watazamaji. Hao walikuwa wenyeji katika uwanja wao wenyewe, wenye kuijua njia na lugha. Mwaka 2027 huenda wakawepo watu kutoka Dakar, Casablanca na Luanda ambao hawana laini ya simu ya Afrika Mashariki ya kulipia tiketi kwa simu, hawajui N-Card, kadi ya tiketi za uwanjani Tanzania, ni kitu gani, na wanaweza kuwa na mechi moja upande huu wa mpaka wa Namanga na nyingine upande wa pili baada ya siku nne.

Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni huu unaweza kuiponya miji ya nchi hizi tatu kama utalazimisha mambo ambayo mashabiki wa hapa wamekosa kwa miaka: njia za kuingilia zisizobana watu, vyoo vinavyotosha, polisi wanaozungumza kabla ya kurusha bomu la machozi. Mifano ya kuiga ipo. Tangu Kombe la Dunia la Italia 1990, vyama vya mashabiki vimekuwa vikiweka vituo vyao katika miji ya mechi, vikisimamiwa na mashabiki wenyewe, ambako msafiri huuliza, hutafsiriwa na kupigiwa simu ya polisi au ubalozi. Ligi Kuu ya Uingereza, baada ya kampeni ya mashabiki, iliweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi ya mgeni kuanzia msimu wa 2016/17. Kanuni za UEFA zinawatengea wageni walau asilimia tano ya viti. Hakuna kati ya haya kinachohitaji uwanja mpya.

Waandaaji wataandika karatasi ya ushauri, kwa Kiarabu, Kifaransa, Kireno na Kiingereza, na inapendekezwa hapa waiandike kwa safu mbili. Upande mmoja useme mgeni afanye nini. Upande wa pili, kwa kila mstari, useme mwenyeji atafanya nini. Akiombwa afike saa tatu kabla ya mechi, aandikiwe lango litafunguliwa saa ngapi na kivuli na maji viko wapi. Akiambiwa anunue tiketi mtandaoni, aonyeshwe namna ya kulipa bila laini ya hapa. Akitakiwa aheshimu wakati wa sala mtaani, aelekezwe msikiti na kanisa lililo karibu. Mstari wowote ambao safu yake ya pili itabaki tupu ufutwe, au ujazwe na mtu atakayetajwa kwa cheo chake. Na kwa usiku ambao timu yake itakuwa imeshinda, karatasi iseme nani atawasindikiza mashabiki wake kutoka jukwaani hadi stendi, kwa njia ipi, na basi la mwisho la kwenda mpakani linaondoka saa ngapi.